Fundi wa Kompresa Kwenye Matumbawe

Butembo nzima, mwenye kwado ya kuziba matairi au karakana ya kupaka magari rangi akisikia mashine yake ya hewa imeanza kukohoa, anamtafuta Lukumani. Ana miaka arobaini na saba. Baba yake alikuwa mwenye magari kule Beni, na Lukumani alikulia chini ya magari hayo, lakini kilichomvuta hakikuwa injini. Ilikuwa hewa. Alitaka kujua inawezekanaje kitu kisichoonekana kuinua kamyo yenye tani thelathini, kisha kuisimamisha kwenye mteremko.

Mpaka leo, akiitwa mahali, hafungui mashine kwanza. Anaomba iwashwe, anakaa juu ya ndoo au tairi, na kusikiliza. Halafu anauliza maswali. Wateja wenye haraka wanamwona anawachelewesha, lakini wanarudi kwake. Mke wake, Sikitu, ambaye anauza unga wa muhogo, husema amezoea kuulizwa mambo ambayo hakuna mtu mwingine anayemuuliza, kwa mfano kwa nini unga uliosagwa asubuhi unapanda kwenye mizani tofauti na uliosagwa wakati wa mvua.

Miaka miwili iliyopita, Mama Hadjara, mfanyabiashara wa Butembo, alikuwa na kamyo inayokwenda Mombasa kuchukua bidhaa zake bandarini. Breki za hewa zilikuwa zimemsumbua dereva wake, Issaka, safari mbili mfululizo, kwa hiyo Mama Hadjara aliamua kwamba safari hii dereva asiende peke yake. Lukumani akakubali. Hakuwa amewahi kuvuka mpaka wa Kasindi zaidi ya kilomita chache.

Breki hazikuwasumbua hata mara moja. Kilichowasumbua ni bandari. Kontena la Mama Hadjara lilikuwa limebaki kwenye meli nyingine, na waliambiwa wasubiri wiki mbili, labda tatu. Issaka alitandika godoro lake chini ya kamyo na kutulia, kama mtu aliyekwisha kusubiri mara nyingi. Lukumani siku ya tatu alikuwa tayari ametengeneza kompresa ya mlinzi wa uwanja ule wa makamyo, bila kuombwa. Mlinzi ndiye aliyemwambia kwamba upande wa kusini, ukivuka feri na kuendelea mbele, kuna kambi ndogo inayowashusha wageni chini ya bahari kutazama samaki, na mashine yao ya kujaza mitungi ya hewa ilikuwa imekufa, na fundi wao alikuwa amehamia Arabuni.

Lukumani aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Mitungi ya hewa? Ya kupumua?

Kesho yake alikuwa pale na mfuko wake wa vyuma. Aliyempokea ni Mwakombo, kijana wa Kidigo wa miaka thelathini na kitu, ambaye kazi yake ni kuwashusha wageni na kuwapandisha wazima. Mwakombo alimpeleka nyuma ya jengo, kwenye kibanda cha mashine. Lukumani alipoona saa ya kupimia mgandamizo, akaivulia kofia. Mashine za Butembo zinafika kumi, na mwenye nayo anajivuna. Saa ya hii ilikuwa imechorewa mpaka mia tatu.

Ilimchukua siku mbili. Springi ya klape ya mwisho, ule mlango mdogo wa kupitisha hewa, ilikuwa imevunjika na kipande chake kimekwama. Nyingine ilipatikana mjini Mombasa, akaifunga, akawasha, akakaa juu ya ndoo. Mashine ikaimba vizuri. Mwakombo alifurahi sana, akamwambia kwamba asubuhi wageni watano na yeye wangeweza kushuka.

Kazi ilikuwa imekwisha, lakini Lukumani hakuondoka. Aliomba kulala hapo ili asubuhi aone mitungi ikijazwa. Na wakati wa kula alimuuliza Mwakombo maswali: hewa hiyo inakaa muda gani kwenye mtungi, mtu anavuta kiasi gani, na anajisikiaje akitoka. Mwakombo alijibu yote, na kwa hilo la mwisho akasema kwamba wengi wanatoka wakicheka, ila miezi hii ya karibuni, hata kabla mashine haijafa, kuna waliotoka na kichwa kikiuma. Mmoja alitapika. Walidhani ni mawimbi, kwa sababu bahari ya majira yale huwa na mawimbi.

Lukumani akauliza ni siku zipi. Zote? Mwakombo alifikiri, akasema hapana, si zote. Siku za upepo wa kusini.

Asubuhi, mitungi sita ilipokuwa imejaa na wageni wamekwisha kuvaa nguo zao nyeusi za mpira, Lukumani alizunguka ukuta wa kibanda. Huko nyuma ndiko ilikokuwa jenereta ya kambi. Ilikuwa imehamishiwa pale miezi minne nyuma ili kelele zake zisiwafikie wageni. Bomba lake la moshi lilitazama juu, na hatua tatu kutoka pale, ukutani, ulitokeza mdomo wa mpira ambao kompresa ilitumia kuvuta hewa. Upepo ulikuwa wa kusini. Moshi ulikuwa unakwenda moja kwa moja.

Alirudi mbio kwa Mwakombo.

“Groupe yenu iko napumulia mu compresseur,” alisema. “Hapana kuwashusha hawa batu.”

Mwakombo hakuelewa. “Group gani, mzee? Group ya leo ndiyo hii, bado haijashuka.”

“Hapana batu. Groupe. Mashine ya courant.”

Wakati Mwakombo anatafuta maana, asijue kwamba kwa watu wa Butembo groupe ni jenereta, wageni walikuwa wameanza kubeba vitu vyao kuelekea kwenye boti. Lukumani hakungoja tena. Aliinama kwenye mitungi na kufungua vizibo, kimoja baada ya kingine. Mlio wake uliwafanya wageni wasimame na kugeuka. Mwenye kambi alitoka ofisini akakuta fundi aliyekuja kumtengenezea mashine anamwaga hewa yake yote mchangani, na Lukumani anasema mpaka leo hajawahi kutazamwa vile.

Mtungi wa sita aliuacha. Aliwaambia wautunze, wautafutie mtu wa kuupima.

Kisha akaeleza, polepole, akichagua maneno ambayo watu wa pwani wangeyaelewa. Alikuwa na kaka yake, Jamali, fundi cherehani mwenye duka dogo karibu na soko kuu la Butembo. Siku moja mchana mvua ilinyesha kwa nguvu, umeme ukakatika, na Jamali alikuwa na sare za harusi za kumaliza. Aliingiza jenereta ndani isiloe, akafunga mlango kwa sababu ya upepo. Walimkuta amelalia cherehani, kama aliyesinzia. Hakukuwa na moto wala yowe. Ule moshi hauhitaji mtu auone. Daktari aliwaambia kwamba kinachoua ndani yake hakina harufu hata kidogo.

“Na huyo alikuwa juu ya inchi kavu,” Lukumani alisema. “Huku munaupeleka chini, na munaufinya mara mia mbili.”

Safari ya siku ile ikafutwa, na mtungi wa sita ukapelekwa Mombasa kwa watu wenye vipimo. Majibu yalirudi siku ya pili: hewa ile haikufaa kupumuliwa na mtu, hasa chini ya maji. Mwakombo alisoma karatasi hiyo mara kadhaa akiwa amesimama. Kwa miezi minne alikuwa anashuka na hewa hiyo hiyo karibu kila siku, na maumivu yake ya kichwa alikuwa anayatibu kwa vidonge.

Siku tatu zilizofuata wawili hao walifanya kazi pamoja. Waliihamisha jenereta, wakapandisha bomba la kuvutia hewa juu ya paa upande wa bahari, wakabadilisha vichujio, wakaosha mitungi. Walipopeleka hewa mpya kupimwa, ilikuwa safi. Mwenye kambi alimwita Lukumani ofisini, akamwomba radhi kwa jinsi alivyomtazama, na kumuuliza anataka nini mbali na ujira wake.

“Nataka kuona hii hewa inaendaka kufanya nini mule chini,” Lukumani akasema.

Shida ilikuwa moja. Lukumani ni mtu wa milimani, na hajui kuogelea. Maji ya mito ya kwetu ni baridi na yanakwenda kasi. Mtu anayavuka, haingii kuchezea. Mwakombo alimwambia si lazima awe muogeleaji hodari, maana wangeshuka mahali pa kina kifupi, mita tano au sita, na yeye angemshika mkono muda wote. Lakini alitaka kwanza wafanye mazoezi kwenye maji ya kifuani, siku tatu, mpaka mwili ukubali.

Sheria ya kwanza aliyofundishwa ilikuwa asizuie pumzi kamwe. Akaelewa mara moja. Alikwisha kuona matairi yaliyojazwa kupita kiasi yakipasuka. Ya pili ilikuwa masikio. Ukishuka, yanabanwa, ni lazima ubane pua na kupuliza taratibu. Lukumani akacheka. Alisema anayajua masikio hayo. Kwenye barabara ya kusini, ukipita Kayna na kuanza kushuka mteremko wa Kabasha kwenda tambarare, yanaziba vilevile, na abiria wote wanapiga miayo kwa pamoja.

Siku yenyewe bahari ilikuwa imetulia. Boti iliwapeleka dakika ishirini mpaka juu ya mwamba, ambapo maji yalibadilika kutoka buluu kuwa kijani. Lukumani alivalishwa mtungi, mkanda wa madini ya risasi wa kumvuta chini, miwani na mapezi. Anasema alipokaa ukingoni mwa boti, alisoma dua zote anazozijua, kisha akarudia ile fupi.

Alipozama, kitu cha kwanza hakikuwa samaki. Ilikuwa sauti. Kila alipovuta pumzi, alisikia klape ndogo ikifunguka karibu na meno yake, halafu ikifunga. Anaijua klape ya aina hiyo. Amezifungua na kuzifunga maelfu. Lakini sasa ilikuwa inafunguka kwa nguvu ya mapafu yake mwenyewe, na hewa iliyokuja ilikuwa ile aliyoijaza jana kwa mkono wake. Akasikiliza pumzi tano, sita. Ilikuwa safi, kavu kidogo, haina harufu. Mwakombo alimuonyesha ishara ya vidole kuuliza kama yu salama, naye akajibu.

Ndipo akatazama.

Alikuwa ametegemea mawe. Mwakombo alikuwa amemwambia matumbawe si mawe wala miti, ni wanyama, wadogo kama punje ya mtama, mamilioni wanaoishi pamoja katika nyumba ya chokaa waliyoijenga wenyewe. Lukumani aliitikia bila kuamini. Sasa aliona yaliyokaa kama meza, yaliyogawanyika kama pembe za swala, na jingine la mviringo, kubwa kuliko tairi la kamyo, lenye mikunjo kama ubongo wa mbuzi. Mengine yalikuwa ya kahawia, mengine ya zambarau, mengine njano ya mchuzi wa binzari. Pia kulikuwa na sehemu nyeupe kabisa, kama mfupa. Baadaye Mwakombo alimweleza kwamba hizo zilikuwa zimeunguzwa na maji yaliyopata joto kupita kiasi; nyingine zitapona, nyingine hapana.

Alisikia mtu anatafuna. Kweli kabisa, krap, krap, kama mtu anayekula muwa chumba cha pili. Akageuka huku na huku mpaka akamwona: samaki wa kijani na waridi, mrefu kama mkono, mwenye mdomo kama wa kasuku, anauma mwamba na kuuvunja. Watu wa pwani humwita pono. Alikula, akasogea hatua chache, na kwa nyuma akaachia wingu la mchanga mweupe. Lukumani alimfuata kwa macho mpaka alipofanya hivyo tena. Boti ilipowarudisha, alipata jibu ambalo mpaka leo anapenda kuwauliza watu kama kitendawili: sehemu kubwa ya mchanga mweupe wa ufuo ule ambao wageni wanaulalia imetoka kwenye tumbo la huyo samaki.

Lakini mahali alipokaa muda mrefu zaidi ni penye jabali moja lisilo na uzuri wowote. Hapo palikuwa na chewa mkubwa, mwenye madoa, ametulia huku kinywa chake kikiwa wazi. Samaki wawili wembamba wenye mstari wa buluu, wadogo kama kidole, walikuwa wanaingia kinywani mwake na kutoka kwenye mashavu. Lukumani alidhani wanaliwa. Hawakuliwa. Walikuwa wanamsafisha, wakichokoa meno na ngozi. Nyuma ya chewa, samaki wengine watatu, kila mmoja wa aina yake, walikuwa wamesimama wanangoja. Chewa alipotikisika kidogo, wale wadogo wakatoka, yeye akaenda zake, na aliyefuata akasogea na kufungua kinywa.

Ilikuwa garaji. Lukumani anasema alitaka kucheka, maji yakaingia kidogo pembeni mwa mdomo wake, akakumbuka kutulia. Mwakombo alimvuta mkono mara mbili ili waendelee kumtafuta pweza, naye akakataa mara mbili. Alitaka kuona kama kuna atakayeruka foleni. Hakuna aliyeruka.

Walikaa chini dakika thelathini na nane. Alipotoka juu, alivua miwani. Halafu akamuuliza Mwakombo ni nani aliyemwambia yule chewa kwamba wale wadogo hawaliwi. Mwakombo alimjibu kwamba amekuwa akishuka hapo miaka kumi na moja na hajui.

Jioni ile ile simu ya Issaka ililia: kontena limetoka, wapakie, waondoke. Lukumani akamwambia hawezi kupanda kwenda bara mpaka siku moja ipite, kwa sababu Mwakombo amemkataza. Hewa iliyoingia mwilini chini ya maji inataka muda wa kutoka kabla mtu hajapanda milima. Issaka, ambaye kwa wiki mbili na nusu hakuwa amelalamika, alilalamika siku hiyo mpaka sauti ikakauka. Lakini alingoja.

Nyumbani, Sikitu alimsikiliza mpaka mwisho huku akichekecha unga. Hakuuliza kuhusu rangi wala pweza. Alimuuliza kama aliogopa, naye akasema ndiyo. Kisha akamuuliza kama alimfikiria Jamali.

“Nilimufikiria wakati ya kuvuta pumuzi ya kwanza,” alisema.

Sikitu akaendelea kuchekecha, akamwambia aende akawasimulie watu wengine pia, hadithi ya moshi pamoja na hiyo ya samaki, zote mbili.

Ndivyo ilivyomfikia Godelive. Yeye anafundisha biolojia katika shule moja ya sekondari hapa Butembo, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa akichora mnyama wa tumbawe ubaoni kwa chaki, akiunakili mchoro wa daftari lake la chuo. Aliposikia kuna fundi aliyewaona kwa macho, alimtuma mtu kumwomba aje darasani. Lukumani alivaa koti. Alianza na jenereta, akawaeleza wanafunzi ni wapi isiwekwe, na wawili kati yao waliinamisha vichwa kwa sababu kwao ilikuwa inawashwa barazani. Halafu akaingia majini. Hakuna aliyeomba kutoka nje mpaka kengele ikalia.

Mwishoni Godelive mwenyewe alinyoosha mkono, kama mwanafunzi.

“Papa Lukumani, mikono ya ule munyama mudogo, muliihesabia? Miye nachoraka sita.”

Lukumani akasema ukweli, kwamba hakuhesabu. Aliwaona kama manyoya tu. Godelive alimweleza kwamba kitabu chake kinasema matumbawe yanayojenga mwamba yana mikono sita, au mara mbili ya sita, au zaidi, lakini daima inagawanyika kwa sita. Hajawahi kukutana na mtu wa kumthibitishia. Akamwomba, kama atarudi huko siku moja, ahesabu.

Alirudi mwezi wa tatu, na kamyo ya Mama Hadjara, na safari hii Issaka alikubali kabisa kumwachia siku nne. Kambi ilikuwa bado inatumia bomba lile la juu ya paa. Mwakombo alipoambiwa shughuli iliyomleta, alisema matumbawe mengi huficha mikono mchana, ila anajua aina moja inayoiacha wazi, mirefu kama maua ya shambani. Wakashuka mita nne. Lukumani alipiga magoti kwenye mchanga, akachagua ua moja, na kuanza kuhesabu kwa kidole bila kugusa. Alifika kumi na saba, wimbi likapita, mikono yote ikalala upande, akapotea. Akaanza tena. Mara ya pili alipata ishirini na tatu, ya tatu ishirini na nne, na ya nne vilevile. Akabadilisha ua, akahesabu, akahamia la tatu.

Kutoka ufukweni, bado akiwa na chumvi kwenye ndevu, alimtumia Godelive ujumbe wa sauti. Alimwambia maua matatu, kila moja mikono ishirini na nne, na kwamba moja lilimsumbua.

Godelive alimjibu saa ya mapumziko, na nyuma ya sauti yake zilisikika kelele za uwanja wa shule.

“Sita mara ine,” alisema. “Aksanti, Papa. Leo naenda kufuta ubao, nichore ishirini na ine.”